Hodi Chini ya Boneti

Pikapu ilikuwa mpya, ya dizeli, nailoni bado iko kwenye viti, ilipoanza kugonga. Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko. Injini mbovu hugonga mfululizo. Hii iligonga mara tatu, ikasubiri, kama mgeni mlangoni.

Mwanabaraka aliinunua asambazie mayai kutoka banda lake la kuku huko Madale, na ampeleke shule bintiye, Najat, ambaye kiti cha mbele alikihesabu mali yake. Aliirudisha kwenye kampuni iliyomuuzia. Benedikto, mkuu wa gereji yao, akamwambia ni kawaida ya dizeli. Akairudisha tena, akaambiwa kiwandani wamejibu kuwa sauti iko ndani ya kiwango. Na fundi wa mtaani asiguse, waranti itakufa. Kuuza wanajua, jamani. Kusikia ndiyo hawataki.

Mama yake Mwanabaraka, Bi Nusaiba, aliisikia asubuhi akipepeta mchele uani. Alikuwa ameshafungua mdomo kuitikia, akajiziba kwa kiganja.

"Mwanangu," alinong'ona, "hiyo ni hodi. Mtu akibisha mara tatu asijibiwe, huondoka. Huyu haondoki. Usimwitikie."

"Mama nawe! Chuma tu hicho."

Alimshusha Najat shuleni, akaenda moja kwa moja gereji. Benedikto alimsubirisha hadi mchana, ndipo akainamisha sikio juu ya boneti. Ko, ko, ko.

"Umeisikia?"

"Nimeisikia, dada. Ni kawaida."

Hasira zilimpanda Mwanabaraka mpaka machozi yakamtoka. Akaichapa boneti kofi. "Haya, karibu! Ingia basi, mie nimechoka!"

Kugonga kukakoma. Injini ikabaki inaunguruma taratibu, tamu kabisa.

"Si unaona?" Benedikto alicheka. "Nilikwambia itatulia yenyewe."

Barabarani, kengele ya mkanda, ile inayolia abiria akikaa bila kujifunga, ikaanza kulia. Kiti cha Najat kilikuwa kitupu. Akazima gari, akawasha; ikalia. Akampigia Benedikto.

"Ni waya tu, dada. Kawaida."

Alitamani kulitelekeza gari palepale, lakini shule ilikuwa imeshatoa watoto na Najat hakuwa na mwingine wa kumfuata upesi, kwa hiyo aliendesha macho mbele, akisoma kila dua aliyoikumbuka, huku matundu ya kiyoyozi yakimpulizia harufu ya udi, na nailoni pembeni yake ikichakarika na kubonyea polepole, kama chini ya mtu mzito anayejiweka vizuri kwa safari ndefu.

Najat alikuja mbio kutoka getini, akafungua mlango wa mbele kabla mama yake hajateremka. Akasimama. Akapiga goti kidogo, kama alivyofundishwa.

"Shikamoo," alikiambia kiti.

"Najat." Mwanabaraka alimpungia mkono aje upande wake. "Funga mlango. Njoo huku kwangu, mwanangu. Njoo."

"Usijali, mama, nafasi ipo. Anasema atanipakata."

Mama alirusha mkono kumzuia. Mkono ukagota kwenye kitu cha baridi, katikati ya hewa, ukaishia hapo. Mtoto akainuka kutoka chini bila kukanyaga popote, akaketi shibiri moja juu ya nailoni, akitabasamu. Mkanda ukajivuta wenyewe, ukawafunga wote wawili.

Kengele ikanyamaza.