Kunde za Jikoni kwa Mzee

"Wewe Wakonyo, mushereka unatengenezwa na nini? Sema hapa, watu wasikie."

Nabwile alikuwa ameegemea ua, leso kiunoni. Nusu ya mtaa, pale Kitale, ilikuwa imeacha chai motoni ije isikilize.

"Si unachemsha tu mfupa," akajibu Wakonyo.

Watu wakacheka mpaka kuku wakatawanyika. Mushereka ni maji yanayochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe, ya kulainishia kunde. Mtoto yeyote wa Bungoma anajua.

Gathii, mjukuu wa Wakonyo, hakucheka. Amekua akiambiwa kwamba shosho ndiye aliyempikia kiongozi wa uhuru, wakoloni walipomfungia katika ile nyumba ya bati jekundu ambayo siku hizi ni makumbusho. Na kunde za mushereka ndizo mzee alizozisifu.

"Shosho, kwani hukupika?"

"Alipika mama yake Nabwile," akasema Wakonyo, macho chini. "Mimi nilikuwa nateka maji."

Gathii akaketi kwenye ngazi. Akamkumbuka Viola.

Walikutana siku makumbusho yalipofunguliwa, watu wakisukumana mlangoni. Gathii alikuwa amekalia kitanda cha mzee apigwe picha. Viola, mwelekezi wa wageni, gauni la kitenge la manjano, akasimama mbele yake.

"Toka hapo, bana. Mzee mwenyewe hangekubali na hivyo viatu."

Kufika jioni Gathii alikuwa na namba yake ya simu. Wakapendana mwaka mzima. Kisha Viola akamletea karatasi ya maandishi ya kubandikwa jikoni mwa makumbusho. Gathii akaona jina la juu, la mama yake Nabwile kama mpishi, akairarua. "Nyinyi watu wa Bungoma mnajipendelea tu." Viola akaacha kazi, akarudi kwao. Sasa ni miezi minane.

Gathii akapiga simu.

"Niaje, Vio."

"Nani huyu?"

"Kwani ulifuta namba?"

"Nilifuta mwenye namba."

"Nimekosa, mpenzi. Shosho amesema ukweli leo, mbele ya watu."

"Na hayo ni ya kuambiana kwa simu?"

Kesho yake mchana alikuwa kwa kina Viola huko Bungoma, ng'ambo ya Kibabii, shati limepigwa pasi. Viola alikuwa anaosha sahani uani. Hakuinuka.

"Umekonda."

"Na wewe umependeza, hata na hasira."

Viola akapangusa mikono, akaingia ndani, akatoka na karatasi iliyoungwa kwa selotepu.

"Soma yote. Siku ile ulisoma jina moja."

Chini kabisa palikuwa pameandikwa: *Maji ya kupikia yaliletwa kila asubuhi na msichana jirani, Wakonyo.*

Gathii akasoma mara mbili. Herufi zikaanza kucheza.

"Nabwile aliniambia. Nikasema jina la shosho yako lisikose humo," akasema Viola.

"Rudi Kitale, Vio. Tuibandike pamoja."

Mama yake Viola akaita kutoka jikoni, "Huyo mgeni utamsimamisha juani mpaka lini? Kunde zimeiva."

Viola akachukua karatasi, akaikunja polepole, akasogeza pazia la mlango.

"Nawa mikono, uingie ukule," akasema. "Na hizi kunde usiishie juu juu; fika chini ya sahani."