Wanagonga Mara Mbili

Mimi si mwoga. Shule niliiacha mapema, sikatai, lakini kwa kuchomelea vyuma mtaa mzima hakuna wa kunigusa. Nimejikunja ndani ya matangi ambayo wenye digrii zao wangelia kwa kuyatazama tu. Kwa hiyo usinionee huruma. Soma tu, maana nimechoka kusema na watu wasionisikia.

Jioni moja dada yangu alipata tiketi mbili kazini kwake. Makumbusho ya ile meli kubwa iliyozama, ambayo hata mtoto wa chekechea anaijua. Humo hutazami picha ukutani. Unatembezwa kana kwamba uko melini. Sakafu inainama, maji yanaguruma, baridi inakutafuna. Sikutaka kwenda. Kesho yake nilikuwa na tangi la kuchomelea kifuniko, la kwanza bosi kuniachia peke yangu, na alishasema nikiliharibu nirudi kufagia.

"Tangi halikimbii, babu," dada akanicheka. "Twende. Na usiguse kitu!"

Mwongozaji, jamaa aliyevalishwa kibaharia, akatupanga kama magunia. Watu kumi, sisi wa mwisho. Nami nikaanza kucheka. Ukuta wa chuma? Plaiwudi iliyopakwa rangi. Bolti? Vifuniko vya chupa, naapa.

"Meli hii ningeizamisha kwa kidole," nikasema. Dada akanifinya.

Tukaingia chumba cha injini. Taa nyekundu. Harufu ya makaa yaliyolowa... na chini yake harufu nyingine, kama nguo iliyosahaulika ndani ya ndoo. Mbele yetu palikuwa na mlango mzito wa chuma, wa kuchorwa tu ukutani.

"Huu ulifungwa ili maji yasipite," mwongozaji akasema taratibu. "Waliobaki upande wa pili waligonga mpaka wakanyamaza."

Watu wakaguna, wakasonga mbele. Mimi nikabaki.

Sasa, karakana kwetu kuna jambo. Kabla hujafunga tangi unaligonga mara tatu. Kama kuna mtu ndani, anajibu mara mbili. Akijibu, hufungi. Hata bosi atoe povu, hufungi. Unafundishwa hilo kabla hujashika mashine.

Nikataka kumchekesha dada. Nikagonga.

Ko. Ko. Ko.

Mlio wa mbao, mkavu.

Halafu...

Ngo. Ngo.

Chuma. Kizito. Usawa wa goti langu, upande wa pili.

"Umesikia?" nikanong'ona.

Midomo ya dada ilikuwa imekauka. "Twende, mdogo wangu. Twende."

"Ni spika, au?"

Akanivuta mkono. Nikagonga tena mara tatu. Kabla sijashusha mkono:

Ngo. Ngo.

Usawa wa kifua sasa. Kama mtu anayepandishwa na maji.

Nikamwita mwongozaji. "Kaka, huku nyuma kuna mtu."

"Huku nyuma kuna barabara."

"Fungua nione."

"Ndugu yangu, hii ni picha ya mlango. Inafunguliwaje?"

Ngo. Ngo.

Juu ya kichwa changu.

Mwongozaji hata jicho hakupepesa. Nikaanza kuuvunja ule ukuta kwa bega. Wakaja walinzi wawili, wakanishika makwapani, wakanitoa nje kama mlevi. Mimi! Nikazunguka jengo mbio. Nyuma ya ukuta ule palikuwa na barabara kweli, na mama mmoja akifunga duka lake la viatu. Basi.

Nyumbani dada akasema hakusikia kitu. Akanikazia macho bila aibu. Lakini alikuwa amekaa kitandani na miguu ameikunja juu, hataki iguse sakafu.

Asubuhi, tangi. Jipya, mabati yake nimeyakata na ndani nimelifagia kwa mikono yangu. Nikamulika tochi ndani: tupu. Nikagonga kama ilivyo desturi.

Ngo. Ngo.

Nikaweka mashine chini. "Bosi, sifungi."

Bosi akatumbukiza kichwa chote ndani ya tundu. "Yuko wapi? Nionyeshe hata mende."

"Gonga mwenyewe."

Akagonga. Kimya. Mafundi wakaangua kicheko. "Jogoo la mtaa limeogopa debe!"

Nikagonga mimi. Likajibu. Wao wanacheka tu, machozi yanawatoka, hakuna hata mmoja aliyesikia. Nikawaapia. Nikawatukana. Ni sawa na kumpigia mbuzi gitaa.

"Funga," bosi akasema, "au ufagio ule pale."

Nilipaswa kuuchukua ufagio.

Nikafunga.

Nilishona kifuniko chote kwa moto wa mashine huku vyuma vikilia chini ya mkono wangu. Usawa wa goti. Usawa wa kifua. Chini tu ya kifuniko. Mshono ukatoka mzuri, bosi akanipiga bega mbele ya wote. "Fundi ndiye huyu!"

Leo mteja amepiga simu. Tangi hajaliunganisha na bomba lolote, vizibo tulivyozibia matundu yake bado viko palepale, lakini limejaa maji na linavuja kwenye kizibo cha chini. Kayaonja hayo maji. Ya chumvi.

Bosi anasema huo ni uzembe wangu, na kwa kuwa mshono ni wangu, nikalikate mwenyewe. Hivi sasa niko mlangoni kwa mteja, mashine begani. Nimewauliza wote, bosi, mafundi, hata dada kwenye simu, na kila mmoja ananijibu nisimpotezee muda.

Nauliza jambo moja tu. Nikimkuta aliyemo, nimwambie nini?