Tepu Juu ya Tepu

Kila asubuhi, kabla ya chai, dereva alifungua boneti ya lori lake na kulibembeleza. Alitikisa waya huu. Akasukuma ule. Akazungusha tepu mpya juu ya tepu ya jana. Kisha alipanda, akazungusha ufunguo na kusikiliza. Siku nyingine injini iliwaka mara ya kwanza. Siku nyingine iliwaka mara ya tano.

"Hilo lori lina maringo kuliko bi harusi," mkewe alimwambia huku akianika nguo. "Halitoki mpaka libembelezwe."

"Lakini linatoka," alijibu.

Watu walimwita Tepu. Hakuenda safari bila roli ya tepu nyeusi mfukoni. Mdogo wake, aliyepanda naye lori kila siku, aliitwa Turubai. Hakuna mtu aliyefunga turubai la mzigo kama yeye. Mafundo yake hayakulegea hata barabara iwe na mashimo kiasi gani.

"Nikifunga mimi," Turubai alipenda kusema, "hata upepo unabisha hodi."

Lori lile zamani lilikuwa la tajiri mmoja. Tepu alimwendeshea miaka kumi na tisa. Kila aliporudi safari na kusema nyaya zimechoka, tajiri alimjibu vilevile: "Funga tepu, uende." Tajiri mwenyewe hakuwahi kukwama mlimani taa zimezimika. Alikaa ofisini chini ya feni. Siku alipofunga biashara, alisema hana kiinua mgongo cha kumpa dereva wake. Akampa lori. Watu walimpongeza Tepu. Wakamwambia sasa na yeye ni tajiri. Hakuna hata mmoja aliyefungua boneti kuona amepewa nini.

Jirani yao alikuwa fundi umeme wa magari, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Asubuhi moja alipita akamkuta Tepu ameinama kwenye kisanduku cha fyuzi.

"Jirani, hapo unaweka nini?"

"Fyuzi imeungua mara tatu mwezi huu. Nimechoka nayo. Naweka kipande cha waya."

"Kitoe."

"Kwa nini?"

"Fyuzi haiungui kwa kupenda. Kuna waya umechubuka, unagusa chuma. Umeme mwingi unakimbilia hapo. Fyuzi inakatika ili waya usishike moto. Ikikatika, inakuita uje uangalie. Wewe unaiziba mdomo."

Fundi alichungulia ndani ya boneti. Kisha aligusa waya mmoja, na ganda lake likavunjika kama ganda la yai.

"Waringi ya injini imekwisha," alisema. "Si waya mmoja. Fungu zima la nyaya. Joto limezikausha, mafuta yamezila. Ukiziba hapa, patapasuka pale. Itoke yote, tuweke mpya. Niachie lori siku sita."

"Siku sita?" Tepu alicheka. "Mwenye mbao atanisubiri siku sita?"

Turubai alikuwa juu ya mzigo, kamba mkononi. "Kaka, tumwachie tu. Siku sita si mwaka."

"Wewe funga turubai, twende."

Turubai alifunga. Wakaenda, kile kipande cha waya kikiwa bado mahali pa fyuzi.

Siku ya tatu, saa nane mchana, walikuwa wanapanda mlima na shehena ya mbao. Turubai alinusa kwanza.

"Kaka, kuna plastiki inaungua."

"Ni breki."

"Breki hazinuki hivyo."

Moshi ukatoka chini ya dashibodi. Injini ikazimika. Tepu alivuta breki ya mkono, wakaruka chini, wakafungua boneti. Nyaya zilikuwa zinawaka kama utambi.

Mtungi wa kuzimia moto ulikuwepo. Ulikuwa mtupu tangu enzi za tajiri. Ilibidi betri itenganishwe upesi, maana umeme wake ndio uliolisha ule moto. Tepu alichukua spana. Lakini kibanio cha betri hakikuwa na nati. Kilivunjika zamani, naye akakizungushia waya na tepu kwa mikono yake mwenyewe. Spana haikuwa na pa kushika.

Akakimbilia mchanga pembeni mwa barabara. Aliporudi na mchanga kwenye kofia, Turubai alikuwa ameukamata waya mnene wa betri kwa mkono wa kulia. Ganda la waya lilikuwa linayeyuka. Hakuachia. Aliuvuta mpaka ukang'oka.

Umeme ulikatika. Mchanga ukamaliza moto uliobaki. Lori lilipona, mbao zilipona. Plastiki ilibaki imeganda kwenye kiganja cha Turubai.

Hospitalini muuguzi alimfungua bandeji baada ya wiki kadhaa. Alimwambia vidole vitatu havitakunjika tena. Turubai aliuliza kama ataweza kufunga kamba. Muuguzi alijifanya anatafuta mkasi.

Lori lilikaa uani miezi mitatu. Siku sita zilimshinda Tepu. Miezi mitatu ilimkalia bila kumwomba ruhusa. Kila asubuhi alitoka, akasimama mbele ya boneti iliyoungua rangi, akarudi ndani.

"Mwendee mdogo wako," mkewe alimwambia. "Kusimama hapo hakumponyi."

Alimkuta Turubai amekaa kizingitini kwake, anajaribu kufunga kamba za viatu kwa mkono wa kushoto. Tepu aliinama amsaidie.

"Acha," Turubai alisema. "Mimi nitapanda tena lori lako, kaka. Sina kazi nyingine ninayoijua. Lakini sipandi likiwa na tepu hata moja ya zamani. Hata moja. Ukiificha, nitaijua kwa harufu."

"Nitazitoa."

"Siyo wewe. Umwite jirani. Wewe uzitoe akikuangalia."

Fundi alikuja kesho yake. Hakusema nilikwambia. Tepu alitamani aseme, ili na yeye apate la kujibu. Fundi aliweka mfuko wake chini, akasema, "Tuanze na betri. Toa waya wa hasi kwanza, kisha chanya. Mtu hagusi waya wa gari kabla ya hapo."

Tepu alitoa. Kisha alishika fungu la nyaya, tayari kuling'oa.

"Taratibu, jirani. Ukiling'oa sasa, kesho utajuaje waya upi ulikwenda wapi?"

Fundi alichana vipande vya tepu nyeupe. Kila ncha ya waya ikapata kipande chenye namba. Namba ileile iliandikwa kwenye daftari: hii inakwenda kwenye stata ya kuwashia injini, hii inakwenda kwenye kipimo cha joto, hii kwenye alternata inayochaji betri. Turubai alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akashika daftari. Aliandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zake zilikuwa kubwa na zimelala.

"Kumbe tepu ina kazi yake," Turubai alisema. Hakuna aliyecheka, naye hakutaka wacheke.

Walililaza fungu la zamani juu ya ubao mpana. Fundi akapigilia misumari kufuata kila kona na kila tawi lake. "Hii ndiyo ramani yetu," alisema. "Fungu jipya tutalisuka juu ya misumari hii, liwe na urefu uleule."

Kisha akampa Tepu kisu, achane tepu za zamani wahesabu viungo.

Tepu alichana. Chini ya tepu kulikuwa na tepu nyingine. Chini yake kulikuwa na waya mwekundu wa kuwekea taa za nyumba, wa shaba moja ngumu.

"Huu si wa gari," fundi alisema. "Gari linatikisika. Waya wenye shaba moja ukitikiswa kila siku unakatika ndani, na wewe huoni. Waya wa gari una nyuzi nyingi laini. Unapinda bila kukatika. Na unene wake uwe kama wa ule wa awali. Ukiwa mwembamba, unapata joto."

Viungo vilikuwa arobaini na vitatu. Tepu aliitambua mizungusho yake mwenyewe, ya mwaka jana, ya miaka kumi, ya miaka ishirini.

"Nusu ya hizi ni za tajiri," alisema kwa hasira. "Nilimwambia. Mara ngapi nilimwambia. Alijibu funga tepu, uende. Mtu anakula jasho lako miaka kumi na tisa, halafu anakupa ugonjwa wake kama zawadi."

"Kweli," Turubai alisema. "Na nusu nyingine?"

Tepu alikitazama kisu.

"Zangu."

"Uliniambia funga turubai, twende. Nilikuwa juu ya mzigo. Nilisikia sauti ya yule tajiri ikitoka kinywani kwako."

Tepu aliendelea kuchana mpaka kiungo cha arobaini na tatu.

Kazi ilichukua siku sita, kama fundi alivyosema. Nyaya mpya zilikuwa na rangi tofauti, kila kazi na rangi yake. Ncha zilibanwa kwa koleo maalumu, hazikusokotwa kwa vidole. Fungu zima lilivalishwa bomba la plastiki linalostahimili joto. Walilipitisha mbali na ekzosi, bomba la moshi, wakalifunga kwa vibanio lisichezecheze. Pale lilipopita kwenye tundu la chuma, fundi aliweka mpira.

"Ule waya ulianza kuchubuka hapa," alisema. "Mpira mdogo kama kifungo cha koti. Ulidondoka, hakuna aliyeurudisha."

Waliweka kibanio kipya cha betri, chenye nati. Waliweka fyuzi zenye namba iliyoandikwa kwenye kifuniko. Mtungi ulijazwa. Fundi alipima kila waya kwa taa ya kupimia, Turubai akasoma namba daftarini. Ndipo betri ikaunganishwa, chanya kwanza, hasi mwisho.

Injini iliwaka mara ya kwanza. Mkewe Tepu alisimama mlangoni na sahani mkononi, akasikiliza. "Bi harusi kaolewa," alisema, akarudi jikoni.

Tangu siku ile lori halikuzimika njiani. Madereva wawili wa mtaani walikuja kuona, kisha wakafungua boneti zao na kuita fundi.

Safari ya kwanza baada ya kazi ile ilikuwa ya mbao. Turubai aliinama ndani ya boneti, akanusa, akatingisha kichwa kukubali. Kisha akasimama kando ya mzigo, mkono wa kulia mfukoni. Tepu alipanda juu na kamba. Alifunga fundo, akashuka.

Turubai alilivuta kwa mkono wa kushoto. Likalegea.

"Litashika, litashika," Tepu alisema. "Mwenye mbao anatusubiri."

Alisikia alichosema.

"Fungua, kaka," Turubai alisema. "Anza upya. Mimi nitakuelekeza."

Tepu alipanda tena. Vidole vyake vyote kumi vilikuwa vizima, na havikujua kitu. Alifungua, akaanza upya. Mara ya nne fundo lilishika. Ndipo alipomfungulia mdogo wake mlango wa lori, kwa kuwa ule mkono wa kulia haukuweza tena kubana kitasa.