Geuka, Lala Kifudifudi

Ukumbi wa vipimo asubuhi ile ulifurika. Wagonjwa wamebanana kwenye mabenchi, wengine wameegemea ukuta, watoto wanalia. Mpiga picha wa mashine ya CT akatoka mlangoni na sare yake ya bluu, akamwita anayefuata. Aliyeinuka alikuwa Fundi.

Ndiyo, Fundi majokofu, yule yule aliyemwacha mpiga picha huyu kwa simu wakati gauni lake la harusi limeshashonwa. "Nimepata mwingine," alisema, akakata. Leo kakonda mpaka shati la drafti alilomchagulia yeye mwenyewe linamning'inia mabegani.

"Mama Picha," Fundi akasema, akijitahidi kutabasamu. "Sikujua wamekuhamishia hapa."

"Ungejua usingekuja. Pita."

Mwenzake wa zamu akamnong'oneza amwachie yeye mgonjwa huyo. Akakataa. Hasira hasara, wahenga walisema, lakini ni nani aliyeachwa akapata nafasi ya kuwasikiliza wahenga?

Kipimo chenyewe hakina staha. Mtu hushinda na njaa, hunywa dawa ya kuharisha hadi utumbo mpana ubaki mtupu, kisha huingizwa mpira mwembamba nyuma na kupulizwa hewa utumbo utanuke, mashine ione kama kuna vinyama vimeota ndani. Vinyama vingine havina neno. Vingine ndiyo saratani yenyewe.

"Mpira utaniwekea wewe?" Fundi akauliza, ameshikilia gauni la hospitali kwa nyuma.

"Kwani una kipi nisichokijua? Lala."

"Usiku kucha nimelala chooni. Nionee huruma."

"Huruma kamwombe huyo mwanamke wako."

Fundi akageuzia uso ukutani.

Nyuma ya kioo, mpiga picha akabonyeza kipaza sauti. "Vuta pumzi. Zuia." Kitanda kikateleza ndani ya mashine, picha zikaanza kujipanga mbele yake. Akakiona. Kinene, kimeng'ang'ania ukuta wa utumbo. Akajiambia ni kinyesi kilichobaki tu. Ndiyo maana watu hupigwa picha mara mbili, chali na kifudifudi: mtu akigeuka, uchafu huangukia upande wa chini, lakini kinyama hubaki pale pale kilipoota.

"Geuka, mpenzi, lala kifudifudi."

Neno lilimtoka kabla hajalizuia. Akafumba macho, akaomba kitu kile kianguke. Alipoyafumbua, kilikuwa pale pale.

Alipokwenda kumsaidia kushuka, Fundi alimkazia macho. "Umeona nini?"

"Anayesoma ni daktari. Mimi napiga picha tu. Kasubiri nje."

"Umeniita mpenzi," Fundi akasema taratibu. "Basi umeona."

Daktari alizitazama picha zile muda mrefu, akaagiza mgonjwa aitwe. Mpiga picha akatoka kwenda ukumbini. Fundi hayupo. Akampigia, simu ikaita weee mpaka ikapokelewa.

"Uko wapi?"

"Naelekea nyumbani."

"Daktari anakuita. Rudi."

"Nirudi kufanya nini? Kaka aliondoka na ugonjwa huu huu. Shemeji alimwuguza mpaka naye akaisha, ukimwona leo utadhani bibi kizee. Nilipoanza kuona damu chooni nikasema wewe sikufanyii hivyo."

"Ukaona bora nijue una mwanamke."

"Chuki inapona, Mama Picha. Ujane je?"

Akaketi benchini nje ya mlango wa daktari, katikati ya wagonjwa, na sare yake, machozi yanamtiririka, wala hakujali nani anamtazama.

"Unajua nilivyomlaani huyo mwanamke? Kila msichana aliyepita karibu na karakana yako nilisema ndiye huyo."

"Hayupo. Hajawahi kuwepo."

"Najua hayupo. Natamani angekuwepo, Fundi. Leo ningekukuta naye njiani, umenenepa, unacheka, nikawatukana wote wawili, nikaenda zangu nyumbani."

Upande wa pili zikasikika honi za magari, kisha kwikwi za mwanamume asiyezoea kulia.

"Sasa ukiondoka nibaki na nini?" akamwuliza. "Na picha ya tumbo lako?"

Upande wa pili gari likapiga breki.

"Uko nje ya mlango wa daktari?" Fundi akauliza.

"Niko hapo."

"Usiingie bila mimi. Usikubali akuambie ukiwa peke yako," akasema. "Nimeshageuza, nakuja."