Karatasi Iliyoandikwa Usiwashe

Jirani wa mlango wa pili, fundi cherehani, aliapa kwamba hospitalini kumeingia pepo. Kwa maelezo yake, kompyuta moja kubwa ilikufa tangu Ijumaa, ikazimwa kabisa, ikawa baridi kama jiwe, lakini mpaka leo inajibu watu mapokezini kana kwamba iko hai. Habari hiyo hakuambiwa na mtu. Aliisikia kwa masikio yake mawili, mama mdogo wa Chiriku alipokuwa akiongea na simu uani huku anaanika nguo.

"Alisema seva pepo," fundi cherehani alisisitiza, pini zikiwa mdomoni. "Na wewe mtoto unapelekwa huko kila asubuhi. Haya, mimi simo."

Chiriku alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Shule zilikuwa zimefungwa na mama yake alikuwa safarini kikazi, hivyo kila siku alifuatana na mama mdogo, ambaye ndiye fundi wa kompyuta wa hospitali. Jumanne hiyo, wakiwa njiani, alimwuliza bila kuzunguka.

"Mama mdogo, jirani anasema hospitalini kuna pepo. Ni kweli?"

Mama mdogo alicheka mpaka akasimama. "Pepe, Chiriku. Seva pepe. Mwambie jirani yetu atoe pamba masikioni. Unaijua punje ya mpunga ambayo ni ganda tupu, ndani hamna kitu? Ile nayo huitwa pepe. Sasa hii yangu ni kinyume chake. Kiini kipo, ganda ndilo halipo."

Chumba cha seva kilikuwa mwisho wa korido. Hakikuwa na dirisha. Mlango wake wa chuma ulijifunga wenyewe, na kutoka nje ulifunguliwa kwa kadi ambayo mama mdogo aliivaa shingoni. Ndani mlikuwa na baridi ya kiyoyozi na mvumo wa feni usiokatika. Mashine nne za zamani zilipangwa kwenye rafu ya chuma, na ya tano, mpya na kubwa, ilikaa peke yake.

Mama mdogo alimweleza polepole. Seva ya usajili wa wagonjwa, kompyuta kubwa inayozihudumia zile za mapokezi, ilikuwa imechoka, inazimika ovyo. Ijumaa alinakili kila kilichokuwa ndani yake, majina, tarehe, majibu ya vipimo, hata jina lake na anwani yake kwenye mtandao, akavihamishia vyote ndani ya mashine mpya. Humo seva ile iliendelea na kazi zake kama kawaida, ila haikuwa tena na mwili wake peke yake. Ikienda vizuri, zile nyingine tatu nazo zingehamishwa.

"Mwili wa zamani ndio huu," alisema, akigonga sanduku jeusi lililobandikwa karatasi: USIWASHE. "Nimeuacha mpaka niwe na uhakika. Ukiwaka, tutakuwa na seva mbili zenye jina moja na anwani moja. Kompyuta za mapokezi zitachanganyikiwa, mara ziandike huku, mara kule. Usiguse. Soma kitabu chako, naenda mapokezi mara moja."

"Sigusi, mama mdogo."

Alisoma kurasa tatu. Kisha maneno ya fundi cherehani yakaanza kumwasha. Imekufa kweli, au inajifanya? Aliinua karatasi kwa kidole. Nyuma yake palikuwa na kitufe. Alijiambia atabonyeza mara moja tu, asikie, halafu azime.

Sanduku lilinguruma. Taa ya kijani ikawaka. Chiriku alibonyeza tena, haikuzima. Akabonyeza mara ya tatu, na viatu vya mama mdogo vikasikika kwenye korido. Aliirudisha karatasi, akaipapasa mpaka ikafunika ile taa, akajitupa kitini. Mvumo wa mashine ile ulipotea ndani ya mivumo ya nyingine.

"Umetulia?"

"Nimetulia."

Haikupita nusu saa, simu ya mezani ikalia. Alikuwa karani wa mapokezi, na sauti yake ilijaa chumba kizima.

"Fundi, watu wako wanapotea. Nimemwandikisha mama mwenye mtoto wa homa, maabara wamemtoa mtoto damu, sasa nikimtafuta hayumo. Daktari hatoi dawa bila majibu."

"Mtafute tena."

"Nimemtafuta mpaka jina lake nimelikariri. Yuko mbele yangu ananitazama. Nimwambie nini, kwamba hajafika?"

Mama mdogo alianza kukagua waya mmoja baada ya mwingine, Chiriku akimshikia tochi. Mwanga ulipita juu ya karatasi. Mama mdogo aliitazama, akaiona iko mahali pake, akaendelea mbele. Chiriku alihisi chumba kimekuwa kidogo kuliko kilivyokuwa asubuhi. Kutoka hawezi, tochi iko mkononi. Na akitoka, korido nzima imejaa watu waliokwama kwa sababu yake. Kitoto kilikuwa kinalia huko nje, kilio cha kuchoka.

Mlango uligongwa, mama mdogo akaufungua, akaingia daktari mkuu.

"Fundi, nina watu arobaini kwenye mabenchi. Una dawa au huna?"

"Nadhani nilikosea kunakili," mama mdogo alisema. "Nitaifuta hii pepe, niwashe ya zamani, turudi pale tulipokuwa Ijumaa."

"Na waliosajiliwa tangu Ijumaa?"

"Watapotea. Itabidi waandikishwe upya, wapimwe upya."

"Kile kitoto kitolewe damu tena?" Daktari mkuu alishusha pumzi. "Haya, fanya. Na hizo nyingine tatu uziache. Nitatafuta mtu anayeijua kazi hii."

Alipotoka, mama mdogo alikaa mbele ya kompyuta, akaamuru seva pepe ifutwe. Kwenye kioo likatokea swali, kama ana uhakika anataka kufuta. Chiriku aliiweka tochi chini.

"Mama mdogo, usifute."

"Niache kidogo, Chiriku."

"Usifute. Ile ya zamani inawaka. Niliiwasha mimi."

Mama mdogo aligeuka taratibu. Alikwenda kwenye rafu, akainua karatasi. Taa ya kijani ilikuwa inamwangalia.

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu ulipokwenda mapokezi."

"Na karatasi?"

"Niliirudisha ili usione."

Hakupiga kelele. Alichomoa waya wa mtandao kutoka kwenye seva ya zamani, akaiunganisha na kioo, akakuta majina kumi na tisa yaliyoingia huko kwa makosa. Chiriku aliyasoma moja moja pamoja na majibu ya vipimo, mama mdogo akiyaandika kwenye seva pepe. Kisha alipiga simu mapokezi.

"Mtafute sasa."

"Huyu hapa," karani alisema. "Na majibu ya mtoto ninayo. Ngoja nimkimbizie daktari."

Daktari mkuu aliporudi, Chiriku alisimama akaeleza mwenyewe, kichwa chini. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, akamgeukia mama mdogo. "Basi endelea na zile tatu," alisema, akaondoka.

Mama mdogo alivuta kiti karibu.

"Kosa langu nalijua. Ningechomoa waya wa umeme badala ya kutegemea karatasi. Lakini na wewe nisikilize. Kosa la kubonyeza kitufe ningelirekebisha kwa dakika mbili. Kuficha ndiko kulikotaka kunifanya nifute wagonjwa wa siku nne. Ulinishikia tochi nikihangaika, na jibu unalo mdomoni. Ukiharibu kitu, sema pale pale, hata kama unatetemeka. Kadiri unavyokaa kimya ndivyo watu wengine wanavyoumia kwa sababu yako."

"Nimeelewa. Nisamehe."

"Nimekusamehe."

Jioni walifunga kazi. Korido ilikuwa tupu, mabenchi yamepanguswa. Chiriku alisimama kando, mkoba wa vitabu mgongoni.

"Mama mdogo, na kesho niingie nawe humu ndani?"

Mama mdogo aliuvuta mlango wa chuma, akausukuma kuona kama umejifunga, akausukuma tena. Kisha akaivua kadi shingoni, akaitia ndani ya mkoba wake mwenyewe, akaufunga. "Kesho utanisubiri mapokezi," alisema, wakaanza kutembea.