Redio Ilikatika Wapi, Shemeji?

"Usifungulie maji! Mke wangu ana mimba, kaniambia leo asubuhi! Usifungulie!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mimi makofi sikupiga...

Wapendwa, aliyekuwa anasoma pale mbele ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Anazindua riwaya yake ya vyombo vya angani. Nahodha yumo ndani ya tangi la maji, analisugua. Msaidizi yuko nje, kashika koki. Redio ya mawasiliano inakatika. Nahodha anakufa maji.

Mume wangu alikuwa fundi matangi, mwenye karakana yake. Alikufa hivyo hivyo!

Na msaidizi wake aliyeshika koki ni huyu huyu shemeji.

Msibani alilia mpaka akashikiliwa. "Shemeji, nilisikia 'nimezima', redio ikakatika. Nikajua kazima mashine ya kusugulia, katoka. Kumbe alisema 'ni mzima', bado yumo!"

Nikamwamini. Maneno pacha hayo, redio ikikoroma nani atayatofautisha? Nikamwachia Mungu. Shemeji nikawa namwombea kila nikipiga magoti!

Lakini ile mimba...

Nilimwambia mume wangu asubuhi ile ile aliyokufa, anafunga kamba za viatu. Hatukumwambia mtu. Ikatoka matanga hayajaisha, nikanyamaza nayo.

Nikapanga foleni ya kusainiwa kitabu kama wengine. Zamu yangu ikafika.

"Shemeji, redio ilikatika kabla ya mimba, au baada?"

Akacheka.

"Ah, shem! Hadithi tu hiyo. Mawasiliano yasipokatika, riwaya ina utamu gani?"

"Nakuuliza ya kwangu."

Akainama, kama anasaini.

"Ungezaa, karakana ingekuwa ya mwanao. Mimi ningeshika koki mpaka nizeeke."

Jamani!

Mama mkwe, aliyekuwa kando ya meza, akanidaka mkono. Nikajua ananitetea...

"Mwanangu, nyamaza. Mmoja nimeshamzika. Na huyu nimpeleke wapi?"

"Mama... ulijua?"

"Alikuja kwangu nguo zimelowa, anatetemeka, hana hata la kusema." Akanitengeneza mtandio vizuri begani. "Mimi ndiye niliyempa lile neno. 'Nimezima.'"

Wapendwa, mtu akikwambia hakusikia, usiishie kumpa pole. Muulize aliacha kusikia wapi.

Bado nawataja wote wawili kwenye sala zangu. Ila ninachowaombea sasa, tunajua mimi na Mungu wangu.