Jina Aliloliandika Mama Hewa

Majirani walimwita Mama Hewa kwa sababu alifanya kazi kituo cha hali ya hewa, na kila aliyetaka kuanika nguo alimuuliza yeye kwanza. Aliyenisimulia haya ni shangazi yangu, aliyepakana naye ukuta kwa ukuta, na shangazi si mtu wa kuongeza maneno.

Pale kituoni walikuwa na desturi yao. Kabla ya msimu wa vimbunga, kila mfanyakazi aliandika jina moja kwenye orodha, na kimbunga kikizaliwa baharini kilipewa jina lililofuata. Sharti lilikuwa moja tu, walilolirithi kwa waliowatangulia: usiandike jina la marehemu. Hakuna aliyejua sababu. Mwaka ule Mama Hewa akaandika jina la mama mkwe wake, aliyezikwa miezi minne nyuma. Wenzake walipomuuliza, akasema huku akicheka kwamba yule mama naye alikuwa akija bila taarifa, na akiondoka haachi kitu mahali pake. Wakacheka wote, orodha ikapita.

Hakuwaambia yaliyobaki. Mama mkwe, akiwa kitandani hospitalini, aliomba wiki mbili mfululizo aletewe mjukuu wake, binti pekee wa Mama Hewa. Yeye akawa anasema kesho, kesho, mpaka mgonjwa akakata roho. Ukweli ni kwamba hakutaka tu. Wawili hao hawakuiva chungu kimoja, na Mama Hewa alikuwa na kinyongo.

Zamu ya jina hilo ilipofika, kilikuwa kiwingu tu kinachojizungusha mbali baharini. Siku ya pili kikanywa maji ya vuguvugu, kikanenepa. Siku ya tatu kikafungua jicho. Kompyuta zote zilisema kitapita mbali, kaskazini. Mama Hewa alikuwa akichora njia yake kwenye ramani pale vipimo vipya vilipoingia na mstari ukakata kona. Akaufuata kwa rula hadi mwisho. Uliishia mtaani kwao.

Aliomba ruhusa, akakimbilia nyumbani. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa safarini na barabara zimefungwa. Akamchukua kwa shangazi binti yake wa miaka mitano, akajifungia naye stoo, chumba pekee kisicho na dirisha.

Kimbunga kiliingia nchi kavu saa tano asubuhi. Mabati ya jirani yakang'oka. Nguzo ya umeme ikalala barabarani. Mama Hewa alimkumbatia mwanawe kwa nguvu, maana kazini kimbunga kilikuwa namba tu, na hapa kilikuwa kinatafuta mlango.

Saa sita kamili, upepo ukakatika.

Kimya. Mwanga wa jua ukapenya chini ya mlango. Alijua ni jicho, kitovu tulivu cha kimbunga. Alijua litachukua dakika arobaini hivi, kisha upepo urudi kwa upande wa pili. Watu hufa kwa kudanganywa na utulivu huo. Akamwambia mtoto asitoke, akaenda sebuleni kukaza komeo.

Hodi ikapigwa.

Mara tatu, taratibu. Kisha sauti ile ile ya kukwaruza, aliyodhani ameshaisahau.

"Mkwe wangu. Nimeitwa kwa jina langu, nimekuja."

Akaegemeza mgongo mlangoni, akajikaza kwa nguvu zake zote.

"Mjukuu wangu yuko wapi?"

"Nisamehe, mama," akanong'ona. "Lakini humpati."

Hakusikia hatua za kuondoka. Alibaki pale, mgongo ukilowa jasho, hadi aliposikia mngurumo ukija kutoka upande wa pili. Akarudi stoo mbio. Mtoto alikuwa pale pale gizani, mzima. Akampakata, akalia kwa shukrani, na nusu ya pili ya kimbunga ikapita juu yao mpaka jioni.

Upepo ulipotulia, simu ikaita. Alikuwa mwenzake wa zamu. Mama Hewa akamuuliza kama kimbunga kimeshafia huko milimani, maana vingi huishia huko.

Mwenzake akatazama vipimo upya.

"Hiki hakijafa. Kimegeuka. Kimerudi baharini, kinajikusanya upya."

Mama Hewa akasukuma mlango wa stoo. Mtoto akatoka akipikicha macho kwa mwanga.

Asubuhi alikuwa ameamka na nywele timutimu, na kwa mbio zile hakuna aliyemchana. Sasa nusu ya kichwa, upande wa kushoto, ilikuwa imesukwa mistari myembamba, iliyonyooka, kazi ya mkono uliozoea. Upande wa kulia ulikuwa bado timutimu.

"Nani kakusuka?"

"Bibi," mtoto akasema. "Ulivyoenda mlangoni. Kasema muda umemwishia, upande huu mwingine atamalizia akirudi."

Mama Hewa akashika msuko mmoja. Ulikuwa umelowa maji, na ulinuka bahari.